Kitambaa Juu ya Televisheni

Kijijini, Kibondo
Jumatano jioni

Kwa baba yangu mpendwa, Mzee Khatibu, dukani Kasulu.

Assalaam alaykum, na shikamoo baba.

Ninaomba barua hii ikukute mzima na kifua kimetulia, maana mara ya mwisho ulipozungumza na mama kwenye simu ulikuwa unakohoa katikati ya kila neno mpaka bibi akadhani mnagombana. Je, ile asali na tangawizi aliyokuchanganyia shangazi Asia unainywa, au chupa imekaa rafuni pamoja na bidhaa za kuuza? Sisi huku hatujambo. Mguu wa mama umepona, sasa anakwenda shamba bila fimbo. Yule mbuzi mweusi amezaa mapacha, wote majike. Bibi anakusalimu sana. Simu ikilia anauliza kama ni wewe, hata wakiwa ni wale watu wa kampuni wanaotuuzia nyimbo, na tukimwambia siyo, anasema basi mwambieni huyo naye nimemsalimia.

Utashangaa kwa nini nimetumia karatasi wakati simu ya mama ina salio na mtandao unashika vizuri ukisimama karibu na banda la kuku. Baba, katika kampeni hizi nimeona kwamba kinachoingia kwenye simu hakitulii. Kinatoka, kinakwenda kwa watu, na kinapofika huko kimeshakatwa mkono au mguu. Barua hii nimeikunja mwenyewe na kumpa shangazi Asia mkononi, naye ameniahidi kukupa wewe mkononi. Nakuomba uisome nyuma ya duka wakati wateja hawapo.

Nianze na habari ya mbegu. Unajua kwamba mbegu zetu za maharage hukaa kwa Mama Esteri tangu sijazaliwa, kwa sababu kwetu zinaingia wadudu, na yeye huzitundika juu ya moshi wa jiko lake. Huzileta mvua ya kwanza ikishanyesha, siku ile unayofunga duka na kuja kupanda, sisi tunaanza kwao, kesho yake wao wanakuja kwetu. Mwaka huu amezileta mvua haijanyesha hata tone. Alilitua kapu mlangoni, akakataa kukaa, akakataa hata maji. Mama alimuuliza kulikoni. Akasema anataka kukarabati jiko na hakuna pa kuziweka. Mama akamwambia jiko halikarabatiwi wakati wa kuandaa shamba. Mama Esteri akajibu "ego", yaani ndiyo, kama mtu anayefunga mlango taratibu, akaondoka.

Kesho yake nilipita kwao. Mabati ya jiko yalikuwa yameshushwa kweli, lakini yalikuwa yamepangwa na kufungwa kamba. Baba, hakuna fundi anayefunga mabati kamba ili ayarudishe palepale. Na shamba lao lilikuwa bado limesimama mabua ya mwaka jana, wakati shamba la kila mtu lilikuwa limeshageuzwa. Shuleni Esteri alinirudishia bikari yangu kabla sijaiomba. Tangu hapo nikaanza kumtazama kila mtu kwa jicho la pili, na naona aibu kukuambia hivyo, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Chanzo ni ule mdahalo wa wagombea ubunge ulioonyeshwa kwenye televisheni ile Jumapili baada ya alasiri. Hapa kijijini king'amuzi kilicholipiwa ni kimoja tu, cha Mwamvua wa mgahawa. Watu walijaa mle ndani, wengine wameagiza chai isiyo na sukari ili mradi wapate kiti. Wagombea hawajamaliza kutambulishwa, umeme ukakatika. Mwamvua akasema betri yake ya sola haiwezi kubeba televisheni na friji pamoja, akawatoa watu, akafunga mlango. Basi tukaanza kuufuatilia mdahalo kama tunavyofuatilia mambo yote siku hizi, kipande kwa kipande kwenye kundi la kijiji la WhatsApp. Wa Kibondo mjini anatuma kipande, wa Kasulu anatuma kingine, mmoja anatuma sauti kueleza alichokiona, mwingine anaeleza alichoelezwa. Hata majina ya wagombea hayakutumika, ilikuwa Mama Miwani na Mzee Kofia. Mmoja akaandika, "Kofia kamtwanga Miwani swali la barabara, Miwani kameza mate!" Mwingine akamjibu, "Wewe mdahalo unautazama na macho ya nani? Miwani ndiye kamkalisha!" Bibi alitaka yote kwa Kiha, nikawa mkalimani wake pale uani, hata kwa vile ambavyo mwenyewe sikuvielewa.

Kisha ikaja klipu kutoka namba ambayo hakuna aliyekuwa na jina lake. Mtu alikuwa ameielekeza simu kwenye televisheni na kurekodi. Mama Miwani ameinua mkono na anasema, "Ndugu hawa waliopewa uraia warudishe vitambulisho, warudi walikotoka." Inaishia hapo. Chini yake pameandikwa, "Sikieni wenyewe."

Halafu Abdalah wa bodaboda akaandika, "Mzee Ndihokubwayo, funga mizigo, basi la Bujumbura linapiga honi," akaweka na vile vikaragosi vinavyocheka mpaka machozi. Watu wakacheka. Abdalah ni mtu wa mzaha, na yule mzee, mume wa Mama Esteri, ndiye aliyempa shamba la kukodi mwaka jana. Nadhani alitegemea mzee naye acheke. Mzee hakuandika kitu. Baadaye Abdalah alikwenda kwake na sukari, akapokewa vizuri, akarudi bila kueleza walichozungumza.

Wiki iliyofuata Mwalimu Winnie, anayetufundisha Uraia, alikuja darasani na kompyuta yake. Alikuwa ameushusha mdahalo wote kutoka mtandaoni alipokwenda Kasulu kwenye semina. Tangu kidato cha tatu anatuambia kwamba mtu akikuonyesha kipande, muulize nani alishika simu, alikuwa wapi, nini kilitangulia na nini kilifuata. Siku hiyo tuliusikiliza mdahalo kuanzia salamu. Tulipofika mahali pale, baba, nilishika meza. Mama Miwani alisema hivi: "Nimesikia mitaani wakisema ndugu hawa waliopewa uraia warudishe vitambulisho, warudi walikotoka. Anayesema hivyo aende kwanza shambani kwake, atazame amepakana na nani, na nani humsaidia kupanda." Ukumbini watu wakapiga makofi.

Nilimtazama Esteri. Alikuwa anatazama dirishani.

Nilitoka shule moja kwa moja mpaka kwa baba yake. Mzee Ndihokubwayo alinipa kigoda, akanisikiliza mpaka mwisho, hakunikatiza hata mara moja. Halafu akaniambia kwamba hasemi mimi ni mwongo, wala mwalimu wangu, lakini ile klipu ameiona kwa macho yake, na siku hizi anasikia kompyuta inaweza kumsemesha mtu asichosema. Nikamwambia basi hata klipu nayo ingeweza kutengenezwa. Akatabasamu, akasema, "Ndiyo, mwanangu. Lakini mwaka ule tulipokimbia kutoka Burundi nilikuwa mdogo kuliko wewe. Redio ilisema nusu ya neno. Waliokaa kusubiri nusu ya pili hawakuvuka."

Wewe ungemjibu nini, baba?

Akaendelea kusema kwamba hana ugomvi na mtu, ila moyo wake umeanza kuhesabu milango. Akikaa kwenye mgahawa anajiuliza nani kati ya hawa alicheka. Akisalimiwa anajiuliza salamu ina nini ndani. Wamepanga kwenda kwa shemeji yake Nyabibuye Jumapili hii baada ya ibada, karibu na mpaka, ili likitokea la kutokea wasiwe na safari ndefu. Nikamuuliza Esteri na mtihani wa kidato cha nne utakuwaje, maana amesajiliwa hapa na mtihani umekaribia, na Nyabibuye hawezi kuufanya. Mzee aliinamisha kichwa. Unajua Esteri ndiye anayeongoza hisabati, siyo mimi. Unajua anataka uuguzi. Mwishowe mzee akasema jambo moja, nami nalinukuu kama alivyolisema: "Kama ilikatwa, aliyeikata ana mdomo. Aje asimame hapa uani aniambie, 'Ndihokubwayo, ni mimi niliyekata, na hii ndiyo sababu.' Nikimsikia huyo, nitapanda juu ya jiko siku hiyohiyo na misumari."

Kwa hiyo kijiji kikaanza kumtafuta mwenye mdomo, na hapo mambo yakaharibika zaidi. Mtu aligundua kwamba juu ya klipu, pembeni, inaonekana ncha ya kitambaa cha kufuma kinachoning'inia kwenye televisheni. Televisheni ya Mwamvua ina kitambaa cheupe. Tena si yeye aliyewatoa watu na kujifungia? Ikatosha. Wateja wakahamia kwa muuza uji wa stendi. Mtu alikata waya wa dishi lake. Wanawake kisimani wakasema kwamba Mwamvua amelipwa, wengine wakasema ana chuki na Warundi tangu alipoachwa na mchumba wa huko. Yeye alisimama mlangoni na mwiko mkononi akapaza sauti, "Nilijifungia kuswali! Na kama kosa ni kitambaa, nyumba gani hapa yenye televisheni haina kitambaa? Mzikamate zote! Anzeni na ya mwenyekiti!" Watu wakacheka, lakini hawakurudi kunywa chai. Mwenyekiti wa kijiji ameitisha mkutano Jumamosi hii, na Mwamvua ametakiwa aje ajieleze.

Nami nilimshuku, baba. Nilinunua maandazi kwake ili nikitazame kile kitambaa kwa karibu. Ni cha maua ya waridi yaliyopangwa mistari, kazi ya mashine. Nilirudi nyumbani, nikaifungua klipu kwenye simu ya mama, nikaisimamisha na kuivuta picha kwa vidole viwili mpaka ile ncha ikajaa kioo chote.

Sasa nakuomba ukae, kama umesimama.

Lile ni ua la kufumwa kwa mkono. Petali zote ni nyeupe, isipokuwa moja ya pembeni, ambayo ni ya kijani.

Likizo ile ndefu nilipokuwa nakufumia kitambaa cha televisheni ya chumbani kwako huko Kasulu, uzi mweupe uliniishia kwenye kona ya mwisho, na duka la Kibondo halikuwa na mwingine. Nikamalizia na kijani. Mama aliniambia nifumue, kwamba ni aibu kumpelekea baba kitu chenye kiraka. Wewe ulikichukua vilevile kilivyo. Ulisema kiache, nikikitazama nitajua ni mkono wa mwanangu.

Niliirudia klipu mara nyingi kuliko ninavyoweza kukuambia. Kabla tu haijakatika kuna mtu anakohoa.

Nimejaribu kukutetea mbele ya nafsi yangu, kama wakili. Nilisema labda ulichelewa kuishika simu, ndiyo maana mwanzo haupo. Nikasema labda kikohozi kilikushika ukakatisha. Nikasema labda uliirekodi nzima ukamtumia rafiki, na huyo rafiki ndiye mwenye ile namba na mkasi. Najua unamuunga mkono Mzee Kofia, picha yake imebandikwa kwenye mlango wa duka, na hiyo ni haki yako, hata Mwalimu Winnie anafundisha hivyo. Mtu anaweza kutaka mgombea wake ashinde. Ningeweza kuendelea kukutetea mpaka leo. Kinachonishinda ni hiki: umo kwenye kundi lile, baba. Uliona alichoandika Abdalah. Uliona Mwamvua anatukanwa kwa kosa la kitambaa. Na siku ileile ulituma picha ya mchele mpya uliofika dukani, ukaandika karibuni.

Mimi siamini kwamba ulimkusudia Mzee Ndihokubwayo. Naamini hukumfikiria kabisa. Ulikuwa unamtazama Mama Miwani na kura zake, na yeye hakuwepo machoni pako. Sijui lipi ni zito zaidi kati ya hayo mawili, na mimi si wa kukuhukumu. Nakueleza tu kwamba klipu haikumwangusha Mama Miwani, huku bado wanamsifu kwa ahadi yake ya maji. Ilianguka juu ya jiko la Mama Esteri.

Hili sijamwambia mtu. Bibi hajui. Esteri hajui, na kila nikikaa naye darasani natamani angejua na pia natamani asijue milele. Shangazi Asia amebeba barua bila kuuliza. Kuhusu mama, sina uhakika. Siku nilipoivuta ile picha alikuwa amesimama nyuma yangu anapepeta mchele, na sauti ya ungo ilinyamaza. Halafu akaendelea kupepeta. Lakini kesho yake nilipofungua kikapu cha kufumia, bonge la uzi wa kijani uliobaki halikuwemo. Nikamuuliza, akasema labda panya. Baba, panya gani anaacha nyeupe na nyekundu akachagua kijani? Tunakula pamoja, tunazungumzia mbuzi na mvua, na kila mmoja anamchunguza mwenzake kama anajua. Sijawahi kumshuku mama yangu katika maisha yangu. Nimeanza mwezi huu.

Ndiyo maana nakuomba uje. Basi la Jumamosi asubuhi kutoka Kasulu linafika hapa kabla ya mkutano. Usije kwenye mkutano kwanza. Pita njia ya chini, ile ya migomba, nenda mpaka uani kwa Mzee Ndihokubwayo, kaa kwenye kile kigoda, umwambie mwenyewe kama anavyotaka kuambiwa. Nitafuatana nawe ukitaka, au nitabaki nyumbani ukipenda hivyo. Baada ya hapo neno lako moja kwa Mwamvua litatosha, na yeye ni mtu wa kelele, atakutukana kidogo halafu atakuwekea chai.

Usiposhuka kwenye basi, sitasimama mkutanoni kukutaja. Siwezi, wewe ni baba yangu. Lakini mwenyekiti anajua kwamba ninafuma, na amesema atawauliza wafumaji wote wa kijiji kama wanakijua kitambaa kile. Akiniuliza, sitasema uongo. Ni wewe uliyenikataza uongo, siku ile nilipovunja taa ya chemli nikamsingizia paka. Nakumbuka hukunipiga. Ulikaa chini, ukaniambia ukisema mwenyewe, taa ni taa tu. Nimelishika neno hilo mpaka leo, na ndilo linalonipa moyo wa kuamini kwamba Jumamosi nitakuona.

Nina ombi moja la mwisho. Ukija, kitoe kile kitambaa juu ya televisheni uje nacho. Mzee Ndihokubwayo amechoka na maneno, anaamini alichokiona kwa macho, na ile kona ameiona kwenye klipu kama sisi sote. Mkunjulie mapajani pake. Atalijua ua lile, na atajua kwamba aliyerekodi ndiye aliyekaa mbele yake, hakutumwa na mtu.

Mbegu zetu nimezirudisha juu ya jiko la Mama Esteri jana alipokuwa kisimani. Nimezitundika kwenye boriti iliyobaki, ingawa juu yake hakuna bati, mbingu tupu. Hakuzishusha. Nimepita leo nimeziona bado zinaning'inia.

Bibi anasema uje na majani ya chai, yale ya pakiti nyekundu. Mama anakusalimu, amesema nikuandikie hivyo hivyo tu, anakusalimu. Wale mbuzi wachanga hawajapewa majina, wanakungoja. Mungu akulinde njiani na akupe nafuu ya kifua.

Mimi mwanao nikupendaye, mwenye mkono ule wa uzi wa kijani,

Asmahani Khatibu